Hodi ya Mwambani

Yotham alikosea jambo moja: aliitikia hodi kabla ya kuchungulia.

Usimlaumu. Alikuwa mlinzi wa hifadhi, peke yake katikati ya miamba ya Dodoma, akilinda mifupa ya mnyama wa kale iliyogeuka jiwe. Wataalamu walisema mnyama huyo alizama topeni zamani, kulipokuwa na ziwa. Kila asubuhi Yotham aliipangusa vumbi, akaisalimu Kigogo: "Mbukwa!" Hakuwa na mwingine wa kumsalimu. Mkewe, Loisi, alirudi kwao Mlali baada ya ugomvi, na kila siku Yotham alimpigia simu kumbembeleza.

Kwa hiyo adhuhuri ile, sauti ya kike ilipobisha hodi, moyo ulimruka.

"Karibu! Karibu ndani, mke wangu!"

Alipofungua hapakuwa na mtu. Kizingitini palikuwa na tope bichi, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu Aprili.

Akampigia simu Mwamvua, mwenzake wa geti la mbali, akamsimulia.

"Kwetu Kondoa," Mwamvua alinong'ona, "hodi ya adhuhuri ya mtu usiyemwona haiitikiwi. Jini haingii bila kukaribishwa. Hukuitikia, lakini?"

"Aka, sikuitikia," Yotham alidanganya kwa aibu.

Tangu hapo alishinda amejifungia, komeo juu na chini. Harufu ya tope ikazidi humo ndani, akatafuta panapovuja asipaone, na kila alipolala alihisi kitanda kikibonyea upande wa Loisi, taratibu, kama mtu mzito anayejilaza asitake kumwamsha mwenziwe.

Ndipo hodi ikaja tena, adhuhuri.

"Baba Gladness, ni mimi. Nimerudi. Nifungulie, jua kali."

Yotham akang'ata shuka.

"Baba Gladness? Nasikia unavyohema. Basi. Nimeelewa. Sitakusumbua tena."

Ndala zikaburuzika kwenda zake. Yotham akachungulia dirishani. Mlangoni palikuwa na kikapu cha karanga za Mlali, na kwenye vumbi kavu alama za ndala za Loisi, ile ya kushoto imelika kisigino kama siku zote. Mwenyewe alikuwa ameshafika miambani, kitenge usoni, akilia.

Yotham akarukia komeo, na hapo mkono wa baridi, uliolowa tope, ukatua juu ya wake.

"Mbukwa," sauti ikaitikia nyuma yake.