Sabuni na Mshipi wa Karatasi

Majirani walimwita Mama Povu, naye hakukasirika. Kwani uongo? Kila asubuhi jiko lake lilinukia mafuta ya nazi na mchaichai. Mumewe, seremala, akienda karakana, yeye huvaa glavu na miwani, huanza kukoroga sabuni. Alijifunika hivyo kwa sababu kostiki inayotumika kutengenezea sabuni haina urafiki na mtu. Ikikugusa, inakuunguza.

Zamani alikuwa akifua nguo za watu. Alifua miaka sita, mpaka vidole vikapasuka. Sabuni ndiyo iliyomtoa kwenye mabeseni ya watu. Mwanamke mmoja mwenye duka alimpa rafu moja ya kuuzia, na rafu hiyo ndiyo ilikuwa tegemeo lake.

Tatizo lilianzia kwenye nailoni. Mama Povu alifunga kila sabuni kwa nailoni, akaibana kweli kweli. Sabuni ikatoa jasho humo ndani, ikateleza kama bamia. Tena mtaro wa mbele ya duka ulikuwa umezibwa na nailoni hizo hizo za wauzaji. Mvua iliponyesha, maji yaliingia dukani mara mbili. Mwenye duka akachoka. Akasema kuanzia siku hiyo, kitu chenye nailoni hakipandi kwenye rafu zake.

Sawa. Mama Povu akajiona ana akili. Nyumbani kulikuwa na rundo la magazeti ya zamani. Akachukua sabuni arobaini za wiki iliyopita, akazifunga kwa magazeti, akazibandika kwa selotepu. Alijua kwamba sabuni yake hukaa wiki sita ndipo ikauke. Aliyemfundisha kazi alimwambia hivyo. Lakini rafu ikiwa tupu, nani anasubiri? Mumewe angeweza kumkanya, maana mbao mbichi yeye haigusi kabisa. Bahati mbaya jioni ile alikuwa na njaa, akaangalia sahani tu.

Baada ya siku nne Mama Povu akaitwa dukani. Mteja mmoja alikuwa amenunua sabuni, akampelekea mzazi aliyejifungua. Wageni wamejaa, mtoto amelala, zawadi ikafunguliwa. Lo! Sabuni mbichi ilikuwa imekunywa wino wa gazeti. Juu yake imetokea picha ya mzee aliyevaa tai, na chini yake tangazo la kifo chake.

Mwenye duka hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Mama Povu. "Nakupa mpaka mwisho wa mwezi," alimwambia. "Niletee sabuni arobaini zilizofungwa vizuri, bila nailoni. Ukishindwa, rafu nampa mwenye mishumaa."

Mama Povu alirudi nyumbani na sabuni zote arobaini kapuni, hata ile ya zawadi, huku analia waziwazi. Aliyaona mabeseni yanamsubiri.

Nyumba ya tatu kutoka kwake kulikuwa na jirani aliyejalidi vitabu na madaftari ya ofisini. Watu walimwita Bi Gundi. Alipoelezwa habari ya marehemu mwenye tai, Bi Gundi alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaomba radhi, akamvuta mwenzake ndani ya karakana yake.

"Mdogo wangu, karatasi haina kosa," alisema. "Umekivalisha kitu kibichi. Mumeo anaweza kutengeneza kabati kwa mbao mbichi?"

Mama Povu akakiri kwamba hawezi, na kwamba wiki sita alizijua fika. Basi Bi Gundi akamweleza kwa utaratibu. Gazeti lina wino, na wino wa gazeti huhamia kwenye kitu chenye unyevu au mafuta. Kwa hiyo atafute karatasi isiyochapwa, kama ile ya kaki. Hata kununua hana haja. Kila kiwanda cha uchapaji hukata kingo za karatasi na kuzitupa. Yeye mwenyewe alikuwa na gunia zima la vipande chini ya meza. Kuhusu selotepu akakunja uso. Hiyo nayo ni nailoni, alisema, ila imejipaka gundi.

Wakapika gundi yao palepale. Unga wa ngano kijiko kimoja, maji baridi vijiko vitano. Wakakoroga mpaka mabonge yakaisha, wakaweka kwenye moto mdogo, wakaendelea kukoroga mpaka ikawa nzito. Bi Gundi akaonya kwamba gundi hiyo huchacha baada ya siku mbili tatu, kwa hiyo apike kidogo kidogo.

Kisha akamfundisha jambo ambalo Mama Povu hakuwahi kulisikia. Karatasi ina nyuzi kama kitambaa. Ukiipinda upande mmoja inakubali, ukiipinda upande mwingine inabisha. "Ikunje kule inakokubali," alisema Bi Gundi. "Kule inakobisha itakupasukia."

Mama Povu alitaka kuifunika sabuni yote, kama alivyozoea. Bi Gundi akakataa. Akakata ukanda wenye upana wa vidole vitatu, akauzungusha kiunoni mwa sabuni kama mshipi, akaubandika nyuma. Ncha zote mbili zikabaki wazi. Mama Povu akauliza kama huko si kuiacha uchi.

"Iache ipumue," alijibu Bi Gundi. "Na mteja aipate harufu. Sabuni inanunuliwa kwa pua."

Usiku huo Mama Povu alikwangua wino wote kwa kisu. Mume naye, akiwa na aibu kidogo, akamtengenezea kichanja cha mbao chenye nafasi za kupitisha hewa. Wakazipanga sabuni juu yake, zisigusane, mbali na jua. Kila wiki alipima sabuni ileile moja kwenye mizani. Uzito ulipungua kila mara. Maana yake maji bado yanatoka.

Mwisho wa mwezi ukafika, na mizani ilikuwa bado inashuka. Zilibaki wiki mbili. Mama Povu alikaa akiziangalia. Kwa macho zilikuwa nzuri. Mshipi ungezikaa. Nani angejua?

Yeye angejua. Akachukua sabuni mbili za zamani, alizokuwa amejiwekea za kuogea, ngumu kama jiwe. Akazivika mshipi wa kaki, akaandika tarehe ya kutengenezwa, akaenda nazo dukani.

Alimwambia mwenye duka ukweli wote. Arobaini zipo, lakini bado mbichi. Leo hana za kuuza. Ana hizi mbili tu za kuonyesha. Kama rafu ni ya kupewa mwenye mishumaa, basi, lakini sabuni mbichi hataleta tena.

Mwenye duka alinusa ncha ya sabuni. Akalowesha kidole, akasugua karatasi, akatazama kama kimechafuka. Kilikuwa safi. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye kadi, akaisimamisha kwenye rafu tupu: "Sabuni zinakauka. Njoo baada ya wiki mbili."

Watu wakawa wanapita, wanasoma, wanauliza ni sabuni gani hiyo ya kusubiriwa. Zilipoletwa zote arobaini, zimejipanga na mishipi yao, ziliisha siku ya tatu. Mwenye duka akaongeza rafu ya pili. Mwenye mishumaa naye akaja kwa Mama Povu kuulizia gundi ya unga.

Siku moja Mama Povu alipokuwa akipanga sabuni dukani, aliingia mama ambaye yeye alikuwa akimfulia nguo zamani. Yule mama alinusa sabuni, akachukua tatu, akasifia sana, ndipo akainua uso. Alishangaa kumwona. Akafurahi, akamwomba aje Alhamisi, nguo zimejaa.

"Alhamisi sina nafasi, mama," alisema Mama Povu kwa heshima. "Hizo ulizoshika nimezitengeneza mimi. Nina nyingine za kufunga."