Fomu ya Tatu

Rafiki yangu ninayelala naye bweni moja aliapa hatahitimu na jina la marehemu bibi yake. Kwa lugha moja lina maana ya "aliyebaki", kwa nyingine "asiyeondoka". Nani humtwika mtoto mchanga mzigo kama huo?

Siku ya mwisho ya kubadili majina, katika ofisi ya usajili, karani alimrudishia fomu ya pili. "Binti, unanichezea? Umeandika lile lile."

"Mama, nimeandika jipya ukiniona."

Akaanza ya tatu, amefura kwa hasira. Umeme ukakatika, na chumba kile hakina dirisha. Akaiweka kalamu mezani, akakunja mikono. Gizani akasikia kalamu ikikwaruza karatasi, polepole, kizee.

Taa ziliporudi, jina la bibi lilikuwa pale, wino bado mbichi.