Mshenga Alivyomsifia Niyonkuru

Turubai la kibanda cha vitenge liliporomoka lote, na kamba zake, juu ya Immakulata, mwenye kibanda. Alipojinasua, gauni lake la njano limejaa vumbi, alijikuta anatazamana na mkanda wa suruali. Akainua macho. Akaendelea kuinua.

"Samahani dada, sikuiona kamba," sauti ikasema huko juu.

"Hapo ulipo unaiona mpaka Burundi, kamba ya shingoni ndiyo ikushinde?"

Soko la Kasulu likacheka. Yule alikuwa Niyonkuru, mtoto wa kijiji cha Nyakitonto, zaidi ya futi saba, anayelipwa kucheza mpira wa kikapu Kigali. Alikuwa likizo. Alilifunga turubai upya bila kupanda kiti, na jioni akaondoka na namba ya simu ya Immakulata.

Mapenzi yao yakawa ya simu.

"Umekula, mukunzi, mpenzi wangu?"

"Nimekula. Wewe leo umegonga kichwa wapi?"

"Mlango wa hoteli. Halafu dari la basi."

"Pole. Ukija nitakukanda."

Watu walikuwa wakimpiga picha Niyonkuru bila hata kumuuliza jina. Immakulata alipenda jinsi alivyojikunja ili amsikilize, na alimpenda bila kujibania.

Mwezi wa sita ikaja posa. Kwa desturi ya kwao pombe ya ndizi huja na wazee, mshenga ndiye mwenye mdomo, na mposaji hukaa kimya hata azushiwe nini. Washenga hutia chumvi, ndiyo kazi yao, na Mzee Harerimana aliimwaga kwa kopo.

"Mkataba wa kijana wetu umeongezwa," alisema. "Msimu ujao anaitwa Ulaya. Miguu ile italisha koo mbili."

Mzee Pasikali, baba yake Immakulata, akauinamia mrija wa pombe ile akanywa. Posa imepokelewa. Niyonkuru, aliyeingia akichechemea na kusingizia uchovu wa safari, alitazama chini. Immakulata alichungulia kutoka jikoni, akadhani ni haya za bwana harusi.

Baada ya hapo simu zikapungua. "Niko mazoezini. Nitakupigia." Hakupiga. Kisha simu ikawa haipatikani kabisa.

Shadia, mwenye duka la jirani, alirudi kutoka Kibondo na mzigo wake, hakukaa hata chini. "Shoga, nikikuficha nitakuwa mnafiki. Niyo wako yuko Kibondo. Kamshika mwanamke bega, na mwanamke kamshika kiuno."

"Yuko Kigali. Umemfananisha."

"Mtu wa urefu ule unamfananisha na nani?"

Immakulata alilia mpaka macho yakavimba. Asubuhi akavaa kitenge chake kipya, maana hakutaka kuachwa akiwa amechakaa, akapanda gari la Kibondo. Nyumba hakuitafuta, kila aliyemuuliza habari za yule mrefu alinyoosha kidole.

Alimkuta kwenye mkeka uani, goti limevimba, mwanamke analikanda kwa maji ya moto.

"Wewe ndiye Ima?" mwanamke akauliza. "Mimi Nadine, baba zetu ni ndugu. Afadhali umekuja. Huyu hali wala halali, na kutembea ni mpaka nimshike." Akawapisha.

"Tangu lini?" Immakulata akauliza.

"Kabla ya posa. Goti limesagika. Daktari anasema nikicheza tena sitatembea. Timu wakaniacha wiki ileile, na ndizi za pombe ya posa zimeshakamuliwa. Sikumwambia mtu. Nilidhani nitapona."

"Na yale ya Ulaya?"

"Ya Mzee Harerimana mwenyewe. Ningemkatizaje? Baba yako akanywa. Nimemnywesha uongo, Ima. Ningekutazama vipi?"

"Ukaona heri nilie nikijua una mwanamke?" Alikuwa na hasira, na alikuwa na furaha kwamba hakuna mwanamke mwingine, vyote kwa pamoja. "Mdomo ulifungwa siku moja. Simu ulifungiwa na nani?"

Niyonkuru alijishika goti. "Tangu utoto watu wananipendea urefu. Bila mpira mimi ni mtu wa kugonga milango tu."

"Twende Kasulu ukaseme."

"Mposaji hasemi."

"Basi hakuna mposaji."

Wakaenda. Kupiga magoti hakuweza, akakaa chini sebuleni, mguu ameunyoosha mpaka karibu na mlango, akasema yote kwa mdomo wake. Mzee Pasikali alisikiliza hadi mwisho.

"Nilinywa kwa ajili ya mtu wa Ulaya," alisema. "Huyu simjui. Pombe yao nitairudisha."

"Ni haki yako, mzee," Niyonkuru akasema. Alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Irudishe, data," Immakulata akamwambia baba yake. "Wa Ulaya hata mimi simjui. Huyu ataleta ya kwake, siku akiwa nayo."

"Ataitoa wapi?"

"Sijui."

Mzee hakusema ndiyo, wala hakusema watoke. Niyonkuru aliuma meno, jasho likimtoka kwa maumivu. Immakulata akaketi sakafuni, akaunyanyua ule mguu mrefu akaulaza mapajani pake, mbele ya baba yake, na hakuutoa.