Tiketi Moja Moja

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu vyake vya shule, Mwanahamisi alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemkumbusha. Alichukua kidonge cha mdogo wake Sudi kwenye kopo lililowekwa juu ya kabati, akampa pamoja na kikombe cha maji, kisha akasimama mbele yake mpaka kikombe kikawa kitupu. Baada ya hapo alijaza maji chupa kubwa na kuitia kwenye mkoba wa Sudi. Wakati wa mapumziko shuleni alipita darasa la kwanza kuikagua.

Sudi alikuwa na miaka sita, na alizaliwa na seli mundu, ugonjwa ambao wengi huuita siko seli. Chembe za damu yake, badala ya kuwa za mviringo, hujikunja kama mundu na kuziba njia ndogo ndogo za damu mwilini. Akichoka kupita kiasi, akikosa maji au akipigwa na baridi, maumivu humshika kwenye mifupa. Mwezi wa Machi alicheza mpira kwenye mvua na wenzake pale kijijini kwao, karibu na pale Mto Ruvuma unapoingia baharini, akalazwa hospitali siku tisa. Tangu hapo Baba alikata shauri. Sudi asicheze mpira, asipande miti, asikimbie. Akitoka shule, akae barazani. Naye alikaa, akiwatazama wenzake kwa uso ambao Mwanahamisi hakupenda kuuona.

Likizo ya Juni ilipokaribia, Jafari, mtoto wa shangazi yao wa Rahaleo mjini Mtwara, alituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Baba. Bustani mpya ya michezo ilikuwa imefunguliwa nje ya mji, upande wa kwenda Mikindani. Kulikuwa na treni ya watoto, farasi wa kuzunguka, magari ya kugongana, bwawa lenye mitelezo, na bembea kubwa ya duara iliyopandisha watu juu kuliko minazi. Sudi aliusikiliza ujumbe ule mara nne. Kisha akamwuliza Baba kama na yeye anaweza kwenda.

Baba alikuwa ametoka shambani kupuliza dawa mikorosho, nguo zake zikinuka salfa. Alisema hapana, wala hakueleza sababu. Sudi hakulia. Alirudi barazani, akakaa.

Mwanahamisi alikuwa na miaka kumi na miwili, na alimjua baba yake vizuri. Kumbembeleza hakusaidii kitu. Alichukua daftari lililobaki kurasa tupu nyuma, akaanza kuuliza maswali. Kwa simu ya Mama alimwomba Jafari aende bustanini akaangalie foleni huwa ndefu saa ngapi, kivuli kiko wapi, na tiketi zinauzwaje. Jafari alikwenda siku mbili. Akaeleza kwamba tiketi zilikuwa za aina mbili. Kulikuwa na bangili ya karatasi ya siku nzima, ukiivaa unacheza michezo yote mpaka jioni. Kulikuwa pia na tiketi za mchezo mmoja mmoja, ambazo zinatumika siku yoyote ndani ya siku saba tangu kununuliwa.

“Chukueni bangili,” Jafari alimshauri. “Ukicheza michezo kumi, umeshapata faida. Tiketi moja moja ni za watu wasiojua hesabu.”

Mwanahamisi alifikiri usiku na mchana juu ya neno hilo la faida. Mwenye bangili atataka kuimaliza siku. Lakini Sudi hakuwa mtoto wa kumaliza siku. Aliandika kwenye daftari: tiketi moja moja. Chini yake akaandika michezo sita tu, na baina ya mchezo na mchezo, nusu saa ya kukaa kivulini.

Alhamisi ya kwanza ya likizo Baba alikuwa ampeleke Sudi kliniki mjini, kama walivyofanya kila baada ya miezi mitatu. Mwanahamisi aliomba kwenda nao. Baada ya vipimo, waliingia kwa nesi Theresia, mama mnene mwenye sauti ya taratibu aliyemjua Sudi tangu akiwa mchanga. Mwanahamisi aliamkia, kisha, kabla ujasiri haujamtoka, akaliweka daftari mezani.

Baba alishtuka. Nesi Theresia alisoma kurasa zote mbili. Akachukua kalamu, akalifuta bwawa ambalo Mwanahamisi alikuwa ameliweka mwisho akiwa na wasiwasi nalo. Alieleza kuwa maji yale ni ya baridi, na upepo wa Juni unampata mtoto akitoka humo akiwa ameloa. Aliongeza sweta. Akaandika dalili za kuangalia: kuchechemea, kunyamaza ghafla, kukataa kula. Na kwa herufi kubwa akaandika kwamba Sudi akipata homa, asicheleweshwe, aletwe hospitali palepale.

Kisha akamgeukia Baba. “Baba Sudi, mwanao anaumwa, lakini ni mtoto. Mtoto anahitaji kucheza. Kinachomwangusha ni kucheza bila kipimo, na kipimo ninakiona humu.”

Baba alilivuta daftari, akalisoma mstari kwa mstari. Alisema atakwenda nao bustanini yeye mwenyewe, na siku akisema basi, iwe basi. Ijumaa Sudi alipumzika kwa shangazi, kwa sababu safari nayo ilikuwa imemchosha, na hilo pia lilikuwa limeandikwa.

Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwa langoni. Jafari alivaa bangili yake mkononi, akatoweka mbio. Baba alinunua tiketi kumi za michezo mitano, za Sudi na za dada yake wa kumsindikiza, naye Mwanahamisi akazikunja ndani ya daftari. Walianza na treni. Ilipita kwenye pango la mabati yaliyopakwa rangi, ikapiga honi, na Sudi akacheka kicheko ambacho Mwanahamisi hakuwa amekisikia tangu Machi. Walikaa kivulini nusu saa kamili, wakanywa maji, wakala ndizi. Kisha farasi wa kuzunguka. Sudi alichagua mweupe mwenye sikio lililokatika, akampungia Baba mkono kila alipopita. Baba aliyekuwa amesimama kama mlinzi wa benki alianza naye kuinua mkono, kwanza kidogo, halafu hadi juu.

Walikaa tena. Mchezo wa tatu ulikuwa jumba la kurukia lililojazwa upepo. Sudi aliruka mpaka muda wake ulipokwisha, akatoka akihema, amelowa jasho. Sasa ilikuwa zamu ya kivuli tena. Lakini Jafari alikuja mbio kusema kwamba foleni ya bembea kubwa imepungua, watu kumi tu, na ikifika saa sita, foleni itakuwa imefika langoni.

Bembea ile ndiyo Mwanahamisi mwenyewe aliyokuwa akiiota. Alimtazama Sudi. Sudi alisema yuko tayari. Baba alikuwa amekwenda kununua maji mengine. Mwanahamisi akalifunga daftari, akamshika mdogo wake mkono, wakaenda kupanga foleni juani.

Watu kumi wakawa sita, wakawa wanne. Hapo ndipo alipoona Sudi ameuegemeza mwili wote kwenye mguu mmoja. Alikuwa amenyamaza. Mwanahamisi alimwuliza kama mguu unauma, naye akatikisa kichwa. Mbele yao kilishuka kiti chenye rangi ya njano, kikapakia watu wawili, kikapaa. Wakabaki wawili mbele. Angeweza kuliamini lile tikiso la kichwa. Bembea huzunguka dakika tano tu, na mtoto mwenyewe amesema hana neno.

Akachuchumaa mpaka macho yao yakawa sawa. “Sudi, niambie kweli. Sitakugombeza.”

Sudi alitazama upande aliokwenda Baba. “Nikisema, Baba atanirudisha barazani.”

“Ukinificha, sitakuamini tena, na safari nyingine hazitakuwepo. Unauma?”

“Unauma,” akasema Sudi, na machozi yakamtoka.

Mwanahamisi alimbeba mgongoni, akatoka kwenye foleni, zamu yao ikiwa ndiyo inayofuata. Baba alipowaona alidondosha chupa ya maji. Akasema ndiyo haya aliyokuwa akiyaogopa. Mwanahamisi alimkalisha Sudi kivulini, akamfunika miguu kwa sweta, akampa maji. Alimgusa paji la uso, halikuwa na joto. Kisha akamwambia Baba jambo ambalo angeweza kulificha.

“Baba, kosa ni langu. Daftari lilisema apumzike nusu saa. Nimeyaruka mapumziko kwa sababu nilitaka bembea.”

Baba aliiokota chupa aliyoidondosha. Akatoa simu, akampigia nesi Theresia. Nesi aliuliza kuhusu homa na kupumua, akawataka wampe dawa ya maumivu waliyonayo, aendelee kunywa maji, akae kwenye joto na alale. Maumivu yakizidi au homa ikija, wamlete. Walirudi Rahaleo kwa bajaji. Shangazi aliandaa supu ya samaki, na Mwanahamisi alikaa kando ya kitanda akimkanda mguu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Hakula mpaka Baba alipomletea sahani mwenyewe. Adhana ya alasiri iliposikika, Sudi aliamka, akakanyaga chini mara moja, mara mbili, akaulizia supu.

Jafari alirudi jua likizama, uso umempauka. Alikuwa amecheza michezo kumi na nne ili bangili isipotee bure, na wa mwisho ulimtapisha. Alilala bila kusimulia hata mmoja.

Sudi alimtazama Jafari alivyolala. Mwishowe akauliza kama bembea ndiyo imekwisha. Mwanahamisi alifungua daftari, akamwekea tiketi nne mapajani, mbili za magari ya kugongana na mbili za bembea. Zilikuwa hai mpaka Ijumaa. Alimtazama Baba, hakuomba kitu. Baba naye alizitazama tiketi, akasema watasubiri wamwone Sudi atakavyokuwa.

Jumapili Sudi hakulalamika kuumwa popote, na walimpumzisha siku nzima hata hivyo. Jumatatu asubuhi alikula vitumbua vitatu, akazunguka ua mara mbili mbele ya Baba bila kuchechemea. Baba aliinuka, akavaa kofia yake.

Siku ile ya kazi bustani ilikuwa karibu tupu. Walianza na magari ya kugongana. Sudi alishika usukani, akamgonga Jafari, aliyejinunulia tiketi moja safari hii, ubavuni mara tatu, akashuka akitembea kama mshindi wa mashindano. Kisha wakakaa kivulini. Jafari alinyoosha kidole kuonyesha kwamba kwenye bembea hakuna mtu hata mmoja. Mwanahamisi alitabasamu, akaendelea kukaa. Nusu saa ilipotimia, Sudi mwenyewe aliruka kutoka kwenye benchi.

Walipofika kwenye bembea, Mwanahamisi aliitoa tiketi yake, akampa Baba. Baba alitaka kukataa. Alikuwa mtu asiyependa hata ngazi ndefu. Lakini Sudi alikuwa ameshamshika kidole, akimvuta. Wakapanda kiti cha njano, chuma kikafungwa, wakapaa.

Mwanahamisi aliwatazama kutoka chini. Mzunguko wa kwanza Baba alikuwa amefumba macho. Wa pili alikuwa amefumbua. Wa tatu bembea ilisimama wakiwa juu kabisa, na sauti ya Sudi ikashuka hadi chini, akimwonyesha baba yake maji ya Mikindani upande huu, mikorosho upande ule, na kuuliza nyumbani kwao ni wapi. Baba alinyoosha mkono kusini. Ule mwingine ulimzunguka mwanawe, na Mwanahamisi aliona mabega ya baba yake yakicheka.

Waliposhuka, Baba alinunua tiketi mbili nyingine bila kuombwa, kwa ajili ya Mwanahamisi na Jafari. Alipokuwa juu kule, Mwanahamisi aliona kila kitu alichokuwa akikiota, na alipotazama chini aliwaona watu wawili kivulini, mmoja akimshikia mwenzake kikombe.

Kabla ya kurudi, Baba alimwita akae karibu naye. “Nilidhani kumlinda mtoto ni kumkalisha chini,” akasema. “Wewe umenionyesha kwamba analindwa kwa kupangiwa vizuri. Lakini mwanangu, mpango wako haukuharibika kwa ugonjwa. Uliharibika pale ulipouacha kwa tamaa. Na haukutengemaa kwa daftari, ulitengemaa mliposema kweli, wewe na mdogo wako. Mngefichana, leo tungekuwa wodini. Panga mambo yako, ufuate ulichopanga, na ukikosea useme mapema. Hayo yatakufaa hata ukiwa mtu mzima.”

Shule ilipofunguliwa Julai, Baba alimpeleka Sudi mwenyewe hadi kwa mwalimu wa michezo, mkononi ameshika ukurasa mmoja wa mpango wa kucheza na kupumzika aliouandika Mwanahamisi. Alieleza kila mstari kama aliyeuandika yeye. Jioni hiyo Sudi aliingia uwanjani na wenzake wa darasa la kwanza kwa dakika kumi. Zilipotimia, mwalimu alimwita, naye akatoka mwenyewe, jasho likimtiririka, akiwaambia wenzake wasimalize mchezo kabla hajarudi.