Mumbi na Kuvu ya Puani

Ndugu zangu wa Landani, nimezunguka miji mingi na shule nimeisoma vipande vipande, lakini hili nililiona kwa macho yangu.

Ijumaa moja kanisani kwetu, Lewisham, chai ilikuwa tayari, mandazi mezani, kwaya ikijiandaa kwa sikukuu ya mavuno. Mumbi ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Sauti yake ilitupeleka nyumbani bila nauli. Ila tangu Maureen, nesi, ajiunge na kwaya, moyo wa Mumbi haukutulia. Mwenzake akipigiwa makofi, yeye aliona amenyang'anywa.

Siku hiyo alikuja shavu limevimba, jicho moja limelegea. Alikuwa na kisukari, na sindano zake alizichoma siku alizokumbuka tu.

"Mumbi, haya si mafua," Maureen alimwambia. "Pembeni pa pua pameanza kuwa peusi. Twende hospitali sasa hivi."

"Na keshokutwa nani ataanzisha wimbo?"

"Mtu yeyote, dada."

"Mtu yeyote! Si useme tu ni wewe?"

Wanakwaya wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe.

Eddie, mumewe, akambembeleza: "Mama Nyambura, msikilize nesi."

"Kamuoe basi!"

Jumapili alisimama mbele, leso shavuni. Ubeti wa kwanza ukatoka. Wa pili, akaanguka.

Hospitalini daktari alitueleza: ni kuvu, jamii ya ile inayoota kwenye mkate. Ugonjwa wenyewe ni nadra. Wengi wetu huivuta hewani isitudhuru, lakini sukari ikipanda sana hupata mlango. Huingia kwenye mishipa ya damu, ikaiziba. Nyama ikikosa damu hufa, ikawa nyeusi. Walimkata sehemu ya kaakaa, wakamtoa jicho. Alipona. Sauti haikupona.

Nilipokwenda kumjulia hali, nilimkuta Maureen kando ya kitanda. Mumbi alimshika mkono, maneno yakipitia puani:

"Hata leo nakuonea wivu. Lakini nenda kaanzishe."

Maureen alilia. Jumapili iliyofuata alianzisha, na Eddie akaiinua simu juu ili mkewe asikie.

FUNZO

Unayemwonea wivu huenda ndiye pekee anayekuambia kweli. Mwenye kisukari, uso ukivimba na pua ikianza kuwa nyeusi, usingoje sikukuu ipite. Nasi tuliocheka, tusijitoe lawamani: kicheko chetu kilimrudisha kitini alipopaswa kuinuka aende hospitali.