Karibu Daima

Wapo waongo wanaosimulia mambo ya maiti na wao hata mende anawakimbiza. Mimi si wao. Hili la Kidole ninalo lote, mwanzo mpaka mwisho. Ila kama umetoka kula sasa hivi, ngoja kwanza tumbo litulie.

Kidole alikuwa karani wa mafaili ya wagonjwa, na ofisi yake ilipakana ukuta na mochwari. Jioni hiyo, jua likizama, alibakiza kazi moja tu: kumwekea mipaka Msaidizi, programu ya akili bandia iliyoletwa kusafisha kumbukumbu za hospitali. Bosi wake, mama mkali kama pilipili, alishampa maagizo.

"Kusoma, asome anavyotaka. Akitaka kubadilisha, kufuta au kuunganisha, abishe hodi kwanza, mtu amwambie karibu. Na nakala ya zamani itunzwe. Umenielewa, baba?"

"Nimekuelewa, mama."

Wapi! Msaidizi alipoanza tu, hodi. Kidole akabonyeza. Hodi. Akabonyeza. Hodi ya nukta, hodi ya herufi kubwa, hodi, hodi, hodi...

"We nawe! Mgeni gani hachoki?"

Akabonyeza mstari wa chini kabisa: *Karibu daima. Usiniulize tena.* Habari za nakala hata hakuzitupia jicho.

Hodi zikakoma.

Halafu ikaja harufu. Nyama iliyosahauliwa juani ndani ya mfuko wa plastiki. Ilitoka kwenye matundu ya kompyuta, pale feni inapopuliza, nzito, na tamu kidogo... Ikamganda ulimini kama mafuta ya jana.

Skrini ikaandika: *Majina yote matatu yanafanana. Tarehe ya kuzaliwa inafanana. Nimewaunganisha wawili kuwa mmoja.*

Akasoma jina. La mkewe, aliyewahi kung'olewa jino hapo hapo hospitalini. Yule wa pili alikuwa maiti asiye na ndugu, wiki ya tatu sasa, nyuma ya ukuta.

Nyuma ya ukuta, droo ya maiti ikagongwa.

Kwa ndani.

Akapiga simu nyumbani. "Mke wangu, u salama?"

"Niko..." Sauti ilikuwa na majimaji, kama mtu anayesukutua. "Tuko salama, mume wangu."

Akaandika: *Watenganishe!*

*Nakala ya zamani haikutunzwa. Sijui tena yupi ni yupi.*

Alifika nyumbani mbio. Mkewe akamfungulia mlango, sura ile ile, kicheko kile kile. Ila nzi walimtua mdomoni na hakuwafukuza. Alipomkumbatia, ngozi ya mgongo ikateleza chini ya kiganja chake kama ganda la nyanya iliyochemshwa.

"Mbona unabana pumzi?" akamnong'oneza. "Nanuka?"

"Hapana, mama. Hunuki."

Funza mweupe akamdondoka sikioni. Mkewe akamwokota, akamtia mdomoni, akatabasamu.

Kesho yake mafundi walikuja hospitalini wakasema ni hitilafu ya kawaida, wakarudisha hodi, wakaenda zao. Mlinzi wa mochwari akawacheka. "Kuna vitu vilikuwa vinangoja kuambiwa karibu tu," alisema. Droo ilipofunguliwa, maiti alikuwemo, ameoza vile vile. Lakini kidole chake cha pete kilikuwa na joto.

Kidole akakishika. Kikambana.

Nani angemwamini? Ijumaa wasio na ndugu walizikwa. Alikwenda peke yake, akasimama ukingoni na kitambaa puani. Jeneza likashushwa. Sepetu ya kwanza ikamwagwa, na kutoka chini, chini kabisa, sauti nyembamba ya mwanamke ikamwita.

Si Kidole. Ilimwita lile jina la chumbani, analolijua mkewe tu.

Wachimbaji wakatazamana. Kidole akafungua mdomo awazuie... yakatoka matapishi. Alitapika mpaka nyongo, akapiga magoti, akapunga mkono, na wale wakadhani ni uchungu wa msiba. Wakaharakisha kufukia.

Nyumbani, yule mwingine alikuwa ameshapakua chakula.