Sentimita Arobaini za Mshana

Saa mbili kamili asubuhi, Pacha alifungua malango mawili ya Bwawa la Lumbaji bila mtu kugusa kitu. Ndani ya ukumbi wa udhibiti, mto mzima ulikuwa umelazwa juu ya meza ya nuru, kilomita mia mbili na kumi zilizofupishwa kuwa hatua tisa, na mstari wa buluu ukaanza kunenepa kuelekea bondeni.

Pacha alikuwa mto wa pili, uliotengenezwa kwa hesabu. Kasa wa chuma waliotambaa chini ya bwawa walimletea kina cha tope kila saa. Vibao vya kupimia vilivyosimikwa kando ya mto vilimletea urefu wa maji. Naye aliuishi mwezi mzima ujao kwa dakika nne, mara elfu kumi, kisha akachagua lango la kufungua na saa ya kulifunga.

Mhandisi Nasikiwa Mshana alisimama mwisho wa meza, mikono nyuma. Kwa miaka ishirini na miwili kazi hiyo ilifanywa na kielelezo alichokiandika yeye, mstari kwa mstari. Kiliitwa Mkondo, na kilihitaji siku mbili kutoa jibu moja. Ndipo akaja Dakta Rehani Lukumbuzya, mwenye miaka thelathini na mitatu. Alichukua kielelezo kilichobuniwa kwa mto wa nchi ya theluji, akaiondoa theluji, akaingiza masika, vuli na jua linalokausha bwawa, na baada ya miezi minane kielelezo kile, Pacha, kikawa kinaujua mto Lumbaji. Mkondo ulizimwa siku ya Jumanne. Hakuna aliyeuaga.

"Mama Kibao, njoo uone mtoto anavyotembea!" aliita Chagula, msimamizi wa malango.

"Namwona," Nasikiwa alijibu. "Akianguka pia nitamwona."

Watu wakacheka. Rehani naye alicheka, na kicheko chake kilimkera Nasikiwa kuliko vya wengine kwa sababu hakikuwa na ubaya wowote.

Nasikiwa alijua jambo. Kibao cha Mtanga, kituo cha mwisho kabla ya mashamba, kiling'olewa na mafuriko ya mwaka 2071. Yeye mwenyewe ndiye aliyekisimika upya, juu zaidi kwa sentimita arobaini, kwa kuwa mwamba wa chini ulikuwa umepasuka. Tangu hapo kibao kikisoma mita tatu, maji yako mita tatu na sentimita arobaini. Mkondo ulijua hivyo. Pacha, kwa takwimu zilizopita mezani, hakujua.

Siku moja kabla, katika kikao cha kupitisha ufunguaji, Rehani alimgeukia mbele ya wote.

"Dada Nasikiwa, kabla hatujapitisha. Kuna lolote upande wa vipimo?"

Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Maji yangevuka ukingo wa Mtanga kidogo, yangelamba nyasi za mbuga ambako hakuna anayelima kabla ya Aprili, na waziri wa maji angeona kwamba Pacha hajui mto. Angeumia mtu mmoja tu, Rehani.

"Hakuna," alisema.

Rehani alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akaandika.

Maji yalifika Mtanga asubuhi ya siku iliyofuata ufunguaji. Saa tatu simu ya kijiji iliita ukumbini, na uso wa Bi. Mwanahawa Ngwele, katibu wa wakulima, ukatokea juu ya meza. Alikuwa amelowa hadi kiunoni.

"Mnatuua huku! Mpunga wote umezama!"

"Mpunga gani?" Nasikiwa alidakia. "Mbugani hakulimwi kabla ya Aprili."

"Kwani wewe mama unaishi wapi? Kalenda yenu mpya ilisema tupandikize Februari, maji hayatafika. Tukapandikiza. Kaya mia na kumi! Mbegu yote tuliyokuwa nayo imo humu majini."

Kalenda hiyo ilikuwa imesambazwa wiki sita nyuma. Nasikiwa hakuisoma, maana iliandikwa na Rehani.

Rehani aliamuru malango yafungwe, akamwacha Chagula azungumze na kijiji, kisha akamfuata Nasikiwa dirishani.

"Nilidhani umeyakataa," alisema kwa sauti ya chini.

"Nimekataa nini?"

"Marekebisho. Nilikwenda Mtanga mwezi Desemba. Kwenye zege la kibao nilikuta herufi N.M., mwaka 2071, na arobaini imechorwa kwa msumari. Nikakuletea ombi la saini. Kanuni unaijua, dada."

Aliijua. Aliiandika mwenyewe: marekebisho ya kipimo hayaingii kwenye kielelezo mpaka aliyepima atie saini.

"Kikaoni nikakuuliza, ukasema hakuna," Rehani aliendelea. "Nikasema basi, mwenye mto ameshasema."

Nasikiwa aliondoka dirishani. Alikwenda mezani kwake. Barua kumi na tisa za Rehani zilikuwa zimepangwa kwa tarehe kwenye skrini, zote hazijafunguliwa. Alifungua ile ya Desemba.

*Dada Nasikiwa, hizi sentimita arobaini ni zako, nimeziwekea jina lako. Bila saini yako Pacha hawezi kuzitumia. Nasubiri.*

Aliweka kidole gumba kwenye nafasi ya saini. Pacha hakuuliza kwa nini amechelewa. Aliziishi upya siku mbili zilizopita kwa sekunde moja, kisha akaandika kama alivyoandika mengine yote:

*Marekebisho ya Mshana yamepokelewa. Lango la pili lingebaki limefungwa. Mashamba ambayo yangefurika: sifuri.*

Kule ukumbini Bi. Mwanahawa alikuwa bado anamsomea Chagula majina ya kaya, moja baada ya jingine. Alikuwa amefika la thelathini na sita.